Alhamisi, Safu ya Saba

Kazi yangu ni mizani.
Napita mabucha na maduka ya nafaka mjini Ruse
na kijisanduku cha vijiwe vya shaba,
nawaambia watu kilo yao si kilo.
Basi usiniulize filamu ilikuwa nzuri kiasi gani.
Alhamisi usiku siendi kupima.

Ukumbi ni wa wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni.
Macho hayana pazia, hunena wahenga;
ukumbi unalo, jekundu, limeliwa na nondo,
na baridi ikizidi, bomba la joto hugonga ukutani
kama mtu aliyefungiwa chini.
Tunakaa kumi na mmoja, na makoti yetu.
Kamen hulala kabla ya jina la mwongozaji.
Akizinduka huuliza, "Bado anatembea?"
Bado anatembea.

Wanatembea sana, hawa wa nchi za mbali.
Yule mama wa milima ya Bolivia alitembea dakika kumi na tisa
kurudisha sufuria ya jirani.
Nilihesabu, nakiri; ndiyo mazoea yangu.
Dakika ya sita nilikasirika.
Ya tisa nikakumbuka sijalipia umeme.
Ya kumi na nne sufuria ikaanza kuwa nzito,
begani mwangu mimi, safu ya saba,
na alipofika, jirani hayupo,
akaiweka mlangoni, akageuka kurudi,
nikataka kusimama nimwambie: mama, kaa kidogo.

Sipendi zote. Ile ya Denmaki,
weupe mtupu na watu wanaochukiana kwa adabu,
ilikuwa supu ya hospitali.
Wenzangu walipiga makofi. Nilivaa kofia nikatoka.
Na ile ya kijana wa Seoul na samaki wake wa plastiki
sikuielewa hata chembe,
lakini mpaka leo nikiona ndoo ya buluu
kitu hunishika hapa, chini ya kidari.

Maandishi ya chini ya picha hatuna. Hela hakuna.
Tunaye Tsvetana, mwalimu mstaafu,
na kipaza sauti na taa ndogo ya kusomea.
Yeye ndiye muuaji, yeye mtoto, yeye bibi harusi,
yeye mbwa, kama mbwa angesema,
wote kwa sauti moja, kavu, yenye mafua,
kama anayetangaza treni zilizochelewa.
Mwanzoni nilicheka. Sasa nikipendwa ndotoni
napendwa kwa sauti ya Tsvetana.

Alhamisi iliyopita ilikuwa ya Ufilipino.
Mzee jikoni, simu ya mezani.
Binti yake yuko melini, au hospitalini ughaibuni,
sikushika vizuri.
Feni imeharibika. Mzee anaongea.
Na Tsvetana akanyamaza.

Tulidhani anafunua ukurasa.
Tulidhani mafua.
Mzee akaongea, akacheka kidogo, akafuta meza
kwa kiganja, akaongea tena,
na lugha yake ikaingia bila pasi wala muhuri,
ikaketi katikati yetu.
Kamen alikuwa macho. Nilimwona. Mdomo wazi.
Kisha mzee akaweka simu, akaondoka,
kamera ikabaki na kiti.
Ikabaki.
Miaka thelathini na moja napima vitu vya watu,
sijui kama nimewahi kutazama kiti.

Nje, tukikwangua theluji kwenye kioo cha gari la Kamen,
nikamuuliza Tsvetana: alisema nini yule mzee
pale uliponyamaza?
Akapenga kamasi.
"Kwamba mvua imenyesha."
Hivyo tu?
"Na kwamba pipa limejaa."

Nyumbani sikuvua viatu.
Nilisimama jikoni na koti langu, maji yakidondoka sakafuni,
nikampigia Yoana, Zaragoza.
"Baba? Kuna nini?"
Hakuna, nikasema. Theluji imeanguka.
Akakaa kimya. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe,
mtu wake akiuliza kitu kwa Kihispania.
"Nyingi?"
Nilichungulia dirishani.
Sijui, mwanangu. Sikupima.